Mguu wa Baba na Breki Nilizozibadilisha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa inanirudia kila nikiona gari likishuka kilima bila mngurumo. Siku hizi ni nadra kuliona. Lakini hapa Kigali, mwaka wa tisini na mbili, vita vikiwa kaskazini na petroli ikipatikana kwa shida, sisi wenye magari tulikuwa na desturi yetu: ukifika juu ya kilima unatoa gia, unazima injini, na unaliacha gari literemke lenyewe. Na vilima, alhamdulillahi, hatujawahi kupungukiwa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Nyamirambo, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Alikuwa na gari dogo la Kifaransa, la rangi ya maziwa, lililonizidi mimi umri. Jumapili tulikuwa tukienda kumwamkia shangazi kule kilimani Rebero, na wakati wa kurudi Baba alizima injini pale juu. Basi dunia nzima ilinyamaza. Ulibaki kusikia upepo dirishani, mbuzi wa watu, wanawake wakizungumza shambani, kwaya ikiimba kanisani ng'ambo ya bonde. Kisha barabara inapinda, kwaya inapotea, na mbele yako kuna vilima vingine vinaogelea kwenye ukungu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, lakini mle ndani nilijiona kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Sijui kama niliwahi kulala usingizi mtamu kama ule niliokuwa naulala macho wazi.

Siku za kazi nilishona dukani pamoja na Baba. Jumapili jioni na siku za mapumziko ungenikuta chini ya gari. Baba mwenyewe ndiye aliyenikabidhi sanduku la spana. "Kilichoharibika tengeneza," aliniambia. "Ambacho hakijaharibika kiache kama kilivyo." Nikaitikia, ndiyo Baba. Mwanzoni nilifuata. Nilisafisha plagi, nilisugua platini za cheche kwa msasa, nilijifunza kuisikiliza kabureta mpaka nikajua kikohozi chake ni cha uchafu au cha hewa. Tatizo likaja gari lilipopona. Mwenye ugonjwa huu ananielewa: gari likikosa kasoro unaanza kuitafuta.

Nikaitafuta kwenye breki. Breki za gari lile zilikuwa nzima, ila ngumu, zinataka mguu wa kweli. Gikondo kulikuwa na fundi mmoja, Sebastiani, mwenye gari kubwa lililogongwa nyuma. Mbele lilikuwa na servo, kile chombo cha mviringo, mithili ya sufuria lenye kifuniko, kinachotumia mvuto wa injini kumsaidia dereva kukanyaga. Akaniuzia pamoja na pampu yake ya breki, kubwa kuliko yetu. Nilifanya kazi jioni za Jumapili tatu. Baba akiuliza, nasema nabadilisha oili. Nilipomaliza niliwasha, nikazunguka mtaa mmoja, nikagusa pedali kwa ncha ya kiatu na gari likasimama kwa adabu. Kichwa kilivimba, mwanangu, sikufichi. Niliona nisimwambie Baba. Nilitaka agundue mwenyewe, atabasamu, aulize nani kafanya hivi.

Kitu kimoja sikukifikiri. Servo inaishi kwa injini. Ukizima injini inabakiwa na pumzi ya kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa zamani, hasa ukiwa umeweka na pampu kubwa. Mimi nilikuwa nimejaribu breki injini ikiwa inanguruma kila mara. Jumapili zote nimeteremshwa Rebero kimya kimya, na bado halikunijia akilini!

Jumapili iliyofuata Baba na Mama walikwenda kwa shangazi bila mimi, kwa kuwa nilikuwa namalizia suti ya bwana harusi. Alasiri wakaletwa na pikapu ya jirani wa shangazi. Mama mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitenge, umevunjika kwenye kifundo. Kanzu ya Baba ilikuwa nyekundu kwa vumbi.

"Nilikanyaga mara ya kwanza likaitika," Baba akanieleza. "Mara ya pili likaitika. Kwenye kona ya chini mguu ukaniishia nguvu. Nikaliegemeza kwenye ukuta wa matofali wa watu, afadhali ukuta kuliko bonde."

"Labda ni breki," Mama akasema.

"Breki anazishika huyu," Baba akajibu, akininyooshea kidevu. "Breki hazina neno. Mguu ndio umezeeka."

Nilijua kabla hajamaliza kusema. Sentensi nzima ilikuwa tayari ulimini. Nikaimeza. Nikamwambia Mama pole, nikaenda kutafuta maji ya kumnawisha.

Gari tulilivuta kesho yake. Kwa siku mbili nilinyoosha bampa, nikatoa servo na pampu yake, nikarudisha pampu ya zamani, na ule ushahidi nikautia kwenye gunia nyuma ya duka. Nikampelekea Baba ufunguo. Hakuupokea. "Endesha wewe," akasema. Asubuhi ya siku iliyofuata aliingia dukani, akaipita cherehani yake, ile aliyoikanyaga miaka arobaini kwa mguu uleule wa kulia, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango na kuanza kushona vifungo kwa mkono. Nikamuuliza mbona. Akasema vifungo navyo vinataka mtu.

Miezi minne, mwanangu. Baba yangu alikaa mlangoni miezi minne akishona vifungo, na mguu ulikuwa mzima kabisa. Akaanza kutembea akishika kuta. Wateja wakaanza kunipa mimi vitambaa vyao vizuri na kumpa yeye pole. Jumapili niliwapeleka Rebero, wakati wa kurudi nikazima injini kwa mazoea, kwaya ikaimba kama kawaida, lakini Baba alikaa pembeni yangu ameushika mlango kwa mikono miwili. Nililiona hilo na bado sikusema. Kila siku nilijiambia kesho, na kila kesho mdomo ulikuwa mzito kuliko jana.

Aliyenitoa huko ni Sebastiani. Alikuja kupimwa suruali, akamkuta Baba kwenye vifungo vyake, wakazungumza kidogo, na Baba akamhadithia habari za mguu. Nikamwona Sebastiani anageuza shingo kunitazama. Akanivuta nje, mpaka kwenye gari.

"Ile servo iko wapi?"

"Niliitoa."

"Mzee iko anajua?"

Nikatazama matairi.

"Yewe!" akasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kinyarwanda, akishika kichwa. "Gari umetengeneza, iko sawa. Mzee ndiyo umeacha iko anaharibika. Na wewe unapita hapo kila siku na futi ya kupimia shingoni! Sasa wewe iko fundi gani, sha?"

Niliona aibu. Baada ya sala ya alasiri nilipiga moyo konde, nikalitoa lile gunia, nikaiweka servo kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa, na grisi yake. Nikasema, "Baba, mguu wako haukukosea kitu. Ni mimi." Nikamweleza yote, mpaka uongo wa oili.

Aliisogelea ile servo. Akaigonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Nilitegemea aseme yaliyopita yamepita, maana Baba alikuwa mpole. Hakusema.

"Gari ulilitengeneza kwa siku ngapi?"

"Mbili, Baba."

"Na mimi umeniacha mzee miezi minne." Akaigonga tena. "Kila nikiuona mkono wa mama yako namwomba radhi. Usiku naomba radhi, mchana naomba radhi. Wewe upo, unanisikia."

Hakunisamehe siku ile, wala juma lile. Ila aliinuka, akanipita bila kushika ukuta, akaketi kwenye cherehani yake, akauweka mguu, na cherehani ikaanza kwenda. Ilikwenda mpaka magharibi bila kupumzika. Nilitoka nje nikalia, na wapita njia wakadhani tumefiwa.

Ulipopita mwezi hivi, Jumapili moja asubuhi, Baba alininyooshea mkono, akitaka ufunguo. Kabla hajaketi akauliza, "Umegusa nini?" Nikamwambia nimekaza mkanda wa feni, nimebadilisha plagi moja, basi. Akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akapanda. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwasha gari bila kuniuliza, hata kama niligusa taa tu. Na kule juu Rebero akazima injini tena, dunia ikanyamaza, na safari hii mikono yake ilikuwa imelala kwenye usukani bila wasiwasi.

Baba hakuuvuka mwaka wa tisini na nne. Ndiyo maana ile miezi minne inaniuma mpaka leo. Nilidhani nachota kwenye muda mwingi, kumbe ulikuwa kidogo namna ile.

Sasa na wewe una lile gari lako kuukuu uani, na naona mikono inavyokuwasha. Sikukatazi, mwanangu. Lifungue, libadilishe, lipendeze, ni raha ambayo asiyeijua siwezi kumweleza. Ila ukigusa kitu ambacho mtu mwingine atakikanyaga kwa kukuamini, mwambie kabla hajawasha. Mwambie hata kama unajua atagomba. Na siku ukikosea, kwa maana utakosea, usikimbilie kunyoosha bati ukadhani umemaliza. Chuma kitakusubiri uani mwaka mzima. Nenda kwanza kwa yule uliyemuumiza, umwambie siku ileile, kwa mdomo wako, kabla hajaanza kujilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Mungu akubarikie mikono hiyo, na mdomo wako aupe ujasiri ambao wangu haukuwa nao. Na kila atakayepanda gari ulilolishika wewe, Mwenyezi Mungu amfikishe anakokwenda, ashuke akitembea, na asiwe na shaka na mguu wake. Amina.