Alitafuta kaburi, akakuta Papa

Leo maman mumoja wa Angleterre alifika hapa kwetu Ulaya, kwa Galerie d'Ixelles, kutafuta kaburi. Akakuta Papa yangu anakunywa kahawa.

Bon, niwaelezee.

Nkambo ya Papa, baba ya mama yake, alikuwa Mwingereza. Walter. Alikuja Katanga kuuzisha vitambaa, akaoa kwetu, akabakia. Nilikuwa namutafuta kwa internet, kumbe huyu maman naye anamutafuta. Tukaandikiana, nikamuambia akuje. Nkambo yake alikuwa dada ya Walter.

Kwa karatasi yao ya familia, chini ya jina ya Walter, waliandika tu: alienda, hakurudi.

Maman akauliza kwa Kifaransa, pole pole, "Walter alizikwa wapi?"

Nilitaka kusema Likasi. Papa akanitangulia.

"Walter ni mimi."

Munajua vile kwetu iko. Ukipewa jina ya nkambo, wewe ndiye nkambo. Mama ya Papa alikuwa anaita mutoto wake "papa", na heshima yote. Lakini muzungu utamuelezea namna gani? Ba-Katangais, muniambie.

Nikaona haya. Nikaanza kueleza, nikaachia katikati.

Maman alikuwa ametoa foto ya ule dada, mwanamuke amesimama kwa dirisha. "Alimungojea mpaka kufa," akasema.

Papa akaikamata. Akaipangusa na mukono ya chemise yenye alivaa, akaiangalia muda murefu, kama muntu anaangalia mutoto mwenye analala. Kisha akaiambia kwa Kiswahili, sauti chini:

"Yaya, dada yangu, unisamehe. Nimekawia."

Maman hakuniomba nitafsiri.