Uso wa Mkalimani

Watoto wa ghorofa ya chini walikuwa na mchezo wao. Wakimwona mkalimani anapanda ngazi na mfuko wa sokoni, wanampungia vidole hewani, vurugu tupu isiyo na maana, kisha wanaangua kicheko. Naye huweka mfuko chini, akawajibu kwa alama za kweli: "Hamjambo, wakorofi?" Hakuna aliyemwelewa hata siku moja. Walimjua kutoka kwenye runinga. Kila jioni alisimama ndani ya kidirisha kidogo pembeni mwa skrini, akigeuza maneno ya wakubwa kuwa lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Nchi nzima ilimwona, na hakuna aliyejua sauti yake ikoje.

Viziwi walimwita Kibonyeo. Kwao jina halitamkwi, linaonyeshwa: ncha ya kidole inazungushwa shavuni, pale anapobonyea akicheka. Jina hilo alipewa na mama yake kabla hajaota meno. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, na yeye, mtoto wao wa pekee, alizaliwa akisikia. Basi tangu utotoni ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba. Alizungumza na mwenye nyumba kuhusu paa linalovuja, alizungumza na daktari, alibishana na fundi bomba, na wakati huo kidevu chake kilikuwa hakijapita meza. Baba akisema "nimekasirika", naye alisema "nimekasirika", hata kama alikuwa anawaza mpira wake uliobaki uwanjani.

Sasa wazazi walikuwa wamefariki. Mumewe wa zamani alikuwa na maisha yake mengine, na mke mwingine, na hawakuwa na ugomvi. Walikuwa hawana la kusemezana tu. Binti yake alikuwa nchi ya mbali, akiwatunza wazee katika nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Kitanda chake kilikuwa bado kipo chumba cha pili. Kibonyeo alifua yale mashuka kila baada ya muda, akayaanika, akayatandika tena, ingawa hakuna aliyeyalalia.

Uchaguzi wa rais ulipokaribia, kituo cha runinga kikapanga mahojiano ya wagombea watatu, kila mmoja na jioni yake. Viziwi, ambao hawakawii kumbatiza mtu, walishawapa majina. Wa kwanza alikuwa Miwani, mzee mkavu anayesoma tarakimu kama anasoma risiti. Wa pili alikuwa Kilemba, mama mwenye sauti ya chini na kilemba kisichopungua urefu. Wa tatu alikuwa Ndevu, ambaye kila sentensi yake ilimalizika kwa makofi, hata pale studio ambapo hapakuwa na wa kupiga makofi.

Jioni ya Miwani na ya Ndevu zilipita salama. Ya Kilemba ndiyo iliyoleta mambo.

Mwenzake wa zamu alikuwa anaumwa, kwa hiyo saa nzima ilikuwa ya Kibonyeo peke yake. Alikuwa kwenye chumba cha vipodozi, amevaa blauzi nyeusi isiyo na urembo, hereni amevua, anapakwa poda, simu ikalia kidogo. Ujumbe wa sauti kutoka kwa binti yake. Akauweka sikioni.

"Mama, shikamoo. Usinune, tafadhali. Najua nilisema nakuja kupiga kura na nikae mwezi mzima. Sasa wamenipa mkataba mwingine, miaka miwili, na ukiukataa hawakuchukui tena. Nimetia saini. Usilie, eeh? Ukilia nitajua tu."

"Dada, dakika moja," msimamizi wa studio alimwita mlangoni.

Akajikaza. Akaenda kusimama kwenye alama ya mkanda sakafuni, taa zikamwakia usoni, mahojiano yakaanza. Mikono ilifanya kazi yake. Mikono haikuwahi kumwangusha. Mtangazaji akauliza kuhusu ajira, na Kilemba akajibu taratibu: "Vijana wetu ni wengi kuliko nafasi tulizonazo. Nitatia saini mikataba na nchi zinazohitaji watu. Waende, wafanye kazi kwa heshima, walete kipato nyumbani." Kibonyeo akayasema hayo kwa vidole: waende, wafanye kazi, walete. Akafika mwisho wa saa, akavua kifaa cha kusikilizia sikioni, akaenda zake nyumbani bila kuaga.

Jumamosi alibeba kiti cha jikoni chenye mguu unaocheza akakipeleka kwa Seremala. Ukweli ni kwamba kiti kile angeweza kukigonga msumari mwenyewe. Lakini karakana ile ilikuwa ya viziwi watupu, na Seremala, mzee wao, alikuwa rafiki wa baba yake tangu ujana. Ilikuwa mahali pekee alipoweza kuongea bila kufungua mdomo, na siku hiyo mdomo ulikuwa mzito.

Seremala alikung'uta vumbi la mbao mikononi ili maneno yake yaonekane vizuri.

"Mwanangu, sisi tumeshaamua," alisema kwa alama. "Kilemba hapana."

"Mmeamua wenyewe, baba mdogo. Sawa."

"Wenyewe wapi? Wewe ndiye umetuambia."

Kibonyeo alidhani ameona vibaya. "Mimi?"

"Uso wako. Miwani alipoongea, uso ulikuwa wazi. Kilemba alipoongea," akashusha pembe za mdomo, akalegeza nyusi, akayafanya macho yawe kama ya mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza, "hivi. Saa nzima. Tukasema, Kibonyeo yuko karibu nao, anajua mambo. Huyu mama ni mwongo."

Nyuma yake vijana wa kupiga randa waliitikia kwa vichwa. Mmoja akauigiza ule uso tena, na wote wakacheka.

Kibonyeo akakalia kile kiti kibovu alicholeta mwenyewe. Katika lugha ya alama uso si pambo. Nyusi zikipanda, umeuliza. Midomo ikishuka, umetia shaka. Mtu anaweza kusema "nitajenga" kwa mikono, na uso ukamalizia "wapi, mtu kama huyu?" Alilijua hilo kabla ya kujua kusoma, na sasa alikuwa ameichafua saa nzima ya mgombea mbele ya watu wasio na njia nyingine ya kumsikia.

"Siyo yeye," alisema. "Ni mambo yangu. Binti yangu haji. Aliniambia dakika ile ile kabla sijaingia."

Seremala alimpigapiga begani. "Pole, mwanangu." Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa: "Kwa hiyo Kilemba unampenda?"

"Sijasema hivyo."

"Basi unampenda nani?"

Mikono ya Kibonyeo ilipanda, ikasimama hewani, ikashuka mapajani. Hakuwa anaficha. Alitafuta jibu, hakulikuta.

Jumatatu alikwenda kwa mhariri kituoni, akamweleza yote, akaomba mahojiano ya Kilemba yarushwe upya.

"Dada yangu," mhariri alisema, macho kwenye kompyuta, "nikimrudia mmoja, wale wawili watanila mzima. Halafu nani amelalamika? Hakuna."

"Wasingeweza kulalamika. Hawajui walichokikosa."

"Basi tuache hivyo hivyo."

Alichokipata ni nakala ya mahojiano yote matatu. Yote matatu aliyaomba mwenyewe. Kilemba peke yake ingekuwa kampeni, na hakutaka kutoka shimo moja na kuingia jingine.

Jumapili alirudi karakanani. Walisukuma mashine ya kukatia mbao ukutani, wakapanga madawati ambayo hayajapigwa vanishi, na Kibonyeo akasimama kando ya kompyuta, dirisha mbele yake ili mwanga umkute usoni. Walikuja mafundi, wake zao, na wachache kutoka mitaa ya jirani. Akawatafsiria Miwani. Akamtafsiria Ndevu, na ahadi zake za kila kijiji na kila mtoto, kwa furaha ile ile aliyoionyesha mwenye ndevu. Kisha Kilemba. Safari hii aliuvaa uso wa mama yule: utulivu, macho yasiyokwepa.

Walipofika sehemu ya hospitali, Kilemba akasema: "Sitawadanganya. Fedha za kuweka wakalimani wa viziwi hospitali zote sina. Nitaanza na wodi za wazazi, hospitali kubwa tu."

Dada mmoja wa kupaka rangi, mwenye mtoto mgongoni, alisimama ghafla. "Rudia."

Kibonyeo akarudisha nyuma, akarudia.

"Alisema hivyo siku ile?"

"Alisema."

"Mimi nilijifungua huku wananifokea," yule dada aliwaambia wenzake. "Midomo inafunguka na kufungika. Sikujua kama mtoto yuko hai mpaka nilipomwona anapiga mateke. Na huyu mama alisema wodi za wazazi, sisi tukamcheka!"

Hapo karakana ikachafuka. Wote walianza kuongea kwa pamoja, mikono ikapishana juu ya vichwa. Mmoja alisema Ndevu ameahidi hospitali zote, kwa nini wachukue chache? Mwingine akamwuliza Ndevu atazipata wapi hizo fedha, kwenye ndevu? Kijana wa randa alimtaka Miwani kwa sababu ya viwanda vya miji midogo. Amechoka kulala mbali na mkewe aliyebaki kwao. Seremala alipiga sakafu kwa mguu ili watulie, hawakutulia, naye akajitosa kwenye ubishi kama kijana.

Kibonyeo alikuwa ameketi kwenye kona ya dawati. Tangu utotoni alikuwa amekaa katikati ya mikono kama hii, na daima alikuwa daraja la watu kupita. Siku hiyo kitu kilimpanda kifuani. Alikuwa ameyasikia mahojiano yale kwa mara ya kwanza akiwa ametulia, na aliona kwamba ana lake la kusema. Akainua mkono.

Wote wakashusha mikono wamtazame, maana walimheshimu.

"Mimi naona..." alianza.

Seremala aliishika mikono yake, kwa upole, kama anavyoshika mbao laini, akaishusha. Kisha akaiachia ili aweze kusema.

"Usituambie, mwanangu. Tukishajua la moyoni mwako, kila utakachotafsiri tutalitafuta hilo ndani yake. Tutakutazama wewe badala yao. Tumeshafanya hivyo mara moja."

"Ni neno moja tu, baba mdogo."

"Najua. Tunakuomba."

Hakuwa na hasira naye. Kilichouma ni kwamba mzee alikuwa na haki. Alitabasamu, akaitikia, akafunga kompyuta. Yule dada wa rangi alimkumbatia kwa nguvu mlangoni. Nyuma yao ubishi uliendelea kuwaka, na Kibonyeo akatembea kurudi nyumbani, kiti kilichotengenezwa kikining'inia begani.

Siku ya kura alijipanga foleni mapema kwenye shule ya mtaani. Mbele yake mke na mume walikuwa wanagombana kwa kunong'ona, huyu akimwambia mwenzake ataharibu kura. Aliwaonea wivu. Miaka ya nyuma alikuja na mama yake, akamsomea majina kwa alama, wakachagua pamoja, au tuseme mama alichagua na yeye akafuata.

Ndani ya kile kibanda cha karatasi ngumu, kalamu mkononi, hapakuwa na wa kumtafsiria. Nyuso tatu zilimtazama kutoka kwenye karatasi. Alimwamini Kilemba. Alijua kwamba kati ya watatu ndiye asiyetia chumvi. Lakini aliona tena yale maneno: waende, wafanye kazi, walete. Akakiri moyoni kwamba siku ile studio uso wake haukuwa umekosea sana. Hakuwa tu na huzuni, alikuwa anakataa. Hakutaka vijana waende, hata kwa mkataba mzuri, hata kwa heshima. Alitaka warudi. Miwani, kwa sauti yake ya risiti, alikuwa ametaja viwanda vya miji midogo na nyumba za wazee humu humu nchini. Huenda ni ubinafsi, aliwaza. Huenda kila mtu kwenye foleni ile amebeba mtu wake mmoja kifuani.

Akaweka alama kwa Miwani, akakunja karatasi, akaitumbukiza.

Alipofika nyumbani binti yake alipiga simu, amevaa sare, nyuma yake ukuta mweupe.

"Mama, umeshapiga? Umempa nani?"

Kibonyeo alisita. Huyu hakuwa mtazamaji wake. "Miwani."

"Miwani!" Binti akacheka mpaka akashika mdomo. "Mama, yule anayelaza watu usingizi? Kwa nini jamani?"

Alivuta pumzi. Sababu ilikuwa tayari ulimini, yote, na wala haikuwa ndefu. Lakini upande wa pili kengele ililia, na binti akageuza shingo.

"Ni bibi wa chumba cha mwisho, ananiita. Nitakupigia, mama. Utaniambia, eeh?"

"Nenda. Asisubiri."

Skrini ikawa nyeusi. Kibonyeo akaweka simu juu ya meza, akainjika chai ya mtu mmoja, akaketi kuisubiri. Jioni alitakiwa studio kutafsiri tangazo la kufungwa kwa vituo vya kura. Blauzi nyeusi ilikuwa bado mbichi kwenye kamba, akainuka kutafuta pasi.