Meno Yaliyonyooka Edani

Nilipofiwa na mume wangu, watu walinisifu kwa sifa ambayo haikuwa yangu. Walisema sili. Chai inakuja, nakataa. Uji unakuja, natikisa kichwa. Wanawake waliojaa kwenye mikeka nyumbani kwetu Ngamiani wakanong'onezana kwamba huzuni imenikaba koo, kwamba wajane wa siku hizi hawako hivyo, maiti haijafika kaburini washaulizia pilau. Huzuni nilikuwa nayo, Mungu shahidi. Lakini chai niliikataa kwa sababu nilikuwa na plastiki mdomoni, na chai ya moto huipinda plastiki, na sikuwa na uso wa kujichomoa kitu chenye mate mbele ya umma ule.

Plastiki yenyewe mume wangu aliiita gamba. Ni kifuniko chembamba, angavu, kinachovalishwa juu ya meno ili kiyasukume polepole mpaka yanyooke. Unashinda nalo na unalala nalo, unalivua wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Baada ya wiki mbili unavaa jingine lenye umbo tofauti kidogo na la kwanza, na meno yanalifuata. Nilikuwa na mfuko mzima wa magamba, kila moja na namba yake. Daktari alinionya tangu mwanzo kwamba meno hayana adabu: ukilegea kidogo yanarudi yalikotoka, na gamba linalofuata halikuingii tena. Kila nilipolivua mezani mume wangu alikuwa akisema, "Haya, mheshimiwa kajivua gamba," na alicheka peke yake kwa utani huo mpaka nikauchoka.

Meno yangu ya mbele yalikuwa yamepandana kama watu wanaogombea kupita mlango mmoja. La chini moja lilikuwa linauchoma ufizi wa juu, na daktari alisema ufizi ule utakwisha. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu nyingine ni kwamba nilitaka kupendeza. Tangu utoto nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono, baadaye kwa upindo wa kanga, na nilipofika umri huu nikaona sasa yatosha. Sioni haya kulisema.

Kabla ya yote niseme habari ya mavyaa wangu, mama wa mume wangu, kwa sababu yeye ndiye niliyeogopa kumpoteza. Tuliishi nyumba moja naye tangu niolewe. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, kwetu Muheza, na ndugu zangu wametawanyika, kila mmoja na lake. Mtoto Mungu hakutujaalia. Mavyaa hakunisimanga hata siku moja kwa hilo, na wapo waliomtia maneno. Akipika bada, ule ugali wa muhogo, ananitengea kichwa cha samaki, anakifunika kwa kawa, na ole wake atakayekigusa. Mjane asiye na mtoto kwa kawaida hurudi kwao. Mimi kwetu palikuwa hapo, kwa yule bibi, na baada ya mume wangu kuzikwa sikuwa na kitu kingine duniani nilichoweza kukiita changu.

Basi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Hutoki nje bila dharura, hujipaki wanja wala hina, huvai dhahabu, hujifukizi udi. Nguo zangu nzuri zilifungwa kwenye sanduku. Kioo cha chumbani mavyaa alikigeuza mwenyewe kikatazama ukuta, kama walivyofanyiwa wajane wa ukoo wao wote, na sikumpinga. Nani alikuwa na hamu ya kujitazama?

Ila gamba linahitaji kioo. Lazima uhakikishe limekaa, halijaacha nafasi kati yake na jino. Nikawa naligusa kwa ulimi na ncha ya kidole kama kipofu. Na kila ninapobadilisha namba, daktari hutaka picha. Kliniki ipo Usagara, si mbali, lakini alikuwa amenizoesha tangu mwanzo kumtumia picha kwa simu, ananijibu endelea au subiri. Kwenye picha midomo iwe imevutwa huku na huku ili meno yaonekane mpaka magego. Mimi nilikuwa natumia mipini ya vijiko viwili, mmoja kila upande, na simu nimeiegemeza kwenye mto.

Sasa fikiria mjane, siku chache baada ya hitima, ameketi kitandani, dirisha wazi apate mwanga, meno nje yote thelathini na kitu, simu inampiga picha.

Wifi yangu ndiye aliyefunua pazia. Ni dada wa marehemu, anakaa Chumbageni, na kila alasiri alikuja kumtazama mama yake. Alisimama pale, akashusha pazia. Nikamsikia anapita ukumbini kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji ya kujaa, hataki yamwagike kabla hajafika. Alipofika uani akayamwaga.

"Mama, yule anajipiga picha anacheka! Kaka'angu hajapoa kaburini! Anamtumia nani zile picha?"

Nilitoka na vijiko vyangu mkononi. Mimi si mtu wa subira, na nilikuwa nimelimeza la rohoni kwa wiki nzima. Nilimwambia namtumia daktari. Akasema daktari mwanamume? Nikasema ndiyo, mwanamume, na ana mke, na anachotazama ni magego. Akasema gego si uchi lakini kicheko ni uchi, na isitoshe mambo yenyewe ni pambo, mjane anajinyoosha meno ndani ya eda ili akitoka tu awe tayari sokoni. Neno hilo la soko lilinichoma. Nikamrushia jibu ambalo silirudii hapa. Mavyaa alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi, na hakunyanyua kichwa. Nilitaka aseme neno moja tu la kunitetea. Aliendelea kukuna.

Siku ya pili nilijikuta nazungumziwa hata na waleta maziwa. Wanawake wale wale walionisifu sili wakaja na vyungu vya mchuzi, wakaniketisha, wakanitazama mdomo. Sikuweza tena kulivua wala kulivaa bila jicho la mtu. Nikawa nakula haraka haraka chumbani na pazia nimelibana kwa kiti.

Wifi akamleta shekhe. Nilikaa ndani, yeye akaketi ukumbini, pazia katikati yetu. Akaniuliza nilianza lini. Nikasema kabla, marehemu akiwa hai na mzima. Akauliza kama kuna maumivu. Nikamweleza habari ya ufizi. Akakohoa, akasema tiba iliyoanza kabla ya msiba haikatizwi na msiba, si pambo, na hata kutoka kwenda kwa tabibu mchana kunaruhusiwa ikibidi, mradi mjane arudi nyumbani kwake. Kisha akaomba maji, akaondoka. Wifi akasema haya, dini imesema, mie ni nani. Nilihisi nimeshinda. Nilivaa gamba lile mbele yake makusudi, likalia ta, nikaenda zangu.

Mavyaa aliokota kikombe cha shekhe, akaenda kukiosha.

Kazi ya eda ni kukaa. Wenzangu walikuwa wananiambia shika tasbihi, na nilishika. Lakini mle ndani kila kitu kilikuwa kimesimama. Nguo za mume wangu ziligawiwa, viatu vyake vikachukuliwa na binamu, kitanda kikahamishiwa chumba cha pili ili nisilale pale nilipolala naye. Kilichokuwa kinakwenda mbele ni meno yangu peke yake. Kila nilipofungua kifuko kipya, gamba linabana, jino linauma siku mbili, halafu linatulia mahali papya, kando kidogo tu ya pale pa jana. Yale maumivu niliyapenda. Yalikuwa yangu na yalikuwa na mwisho, hayakufanana na yale mengine.

Eda ikiwa imepita nusu, mavyaa aliingia chumbani kwangu baada ya sala ya alasiri, akaketi chini, akanyoosha miguu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo karibu, macho yangu hayafiki huko."

Nikashuka kitandani, nikaketi mbele yake. Akanishika kidevu.

"Hebu livue hilo."

Nikalivua, nikalificha kiganjani. Akanitazama mdomo kwa muda mrefu, akanigeuza huku, akanigeuza kule. Nilidhani anataka kusifu. Mpumbavu mimi, nilikuwa nishaandaa ahsante.

"Mwanangu, mie sikukatazi kwa dini," akasema. "Shekhe kashasema na mie nimesikia. Wala hayo ya sokoni ya mwenzio usiyatie moyoni, yule ana kichaa cha kufiwa. Mie nakuomba tu. Liache."

"Kwa nini, mama?"

"Yule mtoto alikuwa akiingia mlangoni anakutazama weye kabla hajanitazama mie. Miaka yote. Nilikuwa naona wivu, Mungu anisamehe. Sasa hayupo. Picha zake mie sizioni vizuri, zina mng'aro. Nikitaka kumkumbuka natazama pale alipokuwa akitazama yeye. Nakutazama weye. Na kila nikikutazama nakukuta umepungua."

Nilikasirika, na hasira ile ilinishangaza, kwa kuwa yule bibi nilimpenda. Lakini uso huu ni wangu. Mwanawe hakuniachia uso wangu kama amana nimtunzie mama yake. Nilioga nao, nilichekwa nao, niliuficha kwa kanga nusu ya umri wangu, na sasa nilikuwa naambiwa niusimamishe pale pale uliponikera ili mtu mwingine apate pa kuzuru. Na mimi je, pa kuzuru pangu ni wapi?

"Mama, siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

Ningemdanganya. Ningetaja ufizi, angekubali, tungemaliza kwa heri. Lakini alikuwa amenishika kidevu na ananitazama machoni.

"Sitaki, mama."

Akaniachia kidevu. Akaweka kiganja sakafuni ili ajiinue, nikamsaidia kusimama. "Haya," akasema. Akapita pazia, akaenda kupika. Usiku ule kichwa cha samaki kilikuwa chini ya kawa kama kawaida.

Na kikaendelea kuwepo. Hapo ndipo ninaposhindwa kumlaumu. Hakuninyima chakula, hakuninyima dua, hakuwahi kunitamkia neno la chuki. Aliacha tu kunitazama. Akiongea nami, anaongea na mikono yangu, na mlango, au na kile anachokichambua sahanini. Mwanzo nilidhani ni hasira, itapoa. Nikawa namkalia mbele kwa makusudi, najileta kwenye macho yake, naye anayahamisha taratibu, bila fujo, kama mtu anavyosogeza mguu ili mwenzake apite. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia matangani. Na gamba sikuliacha. Nililia nalo mdomoni, na kesho yake nikavaa lililofuata.

Eda ilipokwisha waliniogesha, wakanivisha nguo mpya. Kioo kikageuzwa. Wifi alinishika mabega akasema, "Wifi, loo, umekuwa mwengine kabisa!" na kabla sijafunga vifungo akaomba namba ya daktari kwa ajili ya binti yake. Mavyaa alileta chetezo cha udi, akanifukiza nguo kwa mkono wake, kuanzia pindoni mpaka kifuani, akaishia hapo.

Miezi kadhaa baadaye magamba yakaisha. Daktari alinionyesha picha ya kwanza na ya mwisho kwenye kompyuta yake, akanipongeza kwa kufuata masharti, akasema wengi huishia njiani. Wa kwenye picha ya kwanza alikuwa anacheka vibaya, vijiko mdomoni, na alikuwa na mume. Nikamwomba daktari aifunge.

Wiki hiyo hiyo alikuja mgeni kutoka Pangani, binamu ya mavyaa, mwanamke mtu mzima ambaye mguu ulimzuia kuja kuzika. Alikuwa ameniona mara moja tu, siku ya harusi yangu. Wakapeana pole, wakalia kidogo, wakatulia. Nikaleta kahawa na kashata kwenye sinia. Nikamwamkia, akaitikia.

"Na yule mkaza mwana wako," akamuuliza mavyaa, "mke wa marehemu. Bado mnaye?"

Nilisimama na birika mkononi. Nikamtazama mavyaa. Yeye alitazama vikombe.

"Ashakwenda," akasema.

Hakusema kwa ukali, wala hakusema kwa kunikomoa. Alilisema kwa utulivu wa mtu anayesema kweli aliyoiona kwa macho yake.

Mgeni akaguna kwa huruma, kisha akanigeukia. "Na weye, mwanangu, u nani hapa?"

Ningeweza kujibu. Jibu lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini ningemfanya yule bibi mwongo ndani ya nyumba yake, mbele ya damu yake, na hakuwa mwongo.

"Jirani, bibi," nikasema, na nikatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyotabasamu kwa mgeni.

"Mashaallah," akasema, "una meno mazuri."

Mavyaa akanyoosha kikombe chake bila kuinua macho, nikamjazia.