Dakika Tatu Bila Kiingereza

Nilikuwa nimechoka kusahihisha insha zilizojaa "ishu" na "bize". Ijumaa moja, katika kidato cha pili ninachofundisha Kiswahili huku Chang'ombe, nikatangaza mchezo: kila mmoja asimame aeleze kazi ya mzazi wake kwa dakika tatu, bila neno hata moja la Kiingereza. Ukikosea, darasa linapiga meza, unakaa.

Wa kwanza alisimama kwa mbwembwe. "Madam, mie baba yangu..."

Meza zikapigwa. Alikaa mkono ukiwa bado hewani, haamini kwamba kuniita tu kumemponza. Wa pili aliangushwa na "gereji". Wa tatu alifika mbali, halafu akasema mama yake anakuwaga bize.

Kisha akasimama msichana wa dawati la nyuma, mpole, ambaye muhula mzima sikumsikia akisema zaidi ya kuitikia jina lake. Baba yake anafanya kazi Kurasini, kwenye yadi ya makontena. Nilimhurumia kabla hajaanza. Yadi, kontena, dereva: angepita wapi?

"Baba yangu yuko kwenye uwanja wa masanduku ya chuma yanayoshushwa melini," akaanza. "Sanduku moja, nyumba yetu inaingia na choo chake. Kuna gari lina pembe mbili mbele kama tembo. Linainama, linalibeba, linalipandisha juu ya wenzake. Baba ndiye anayemwelekeza mwendeshaji kwa mikono, maana kwa zile kelele mdomo haufai kitu."

Neno meli nalo asili yake ni Kiingereza, lakini darasani nililijua hilo peke yangu, nami nikamwacha aendelee. Mikono iliyokuwa tayari kupiga meza ilisahaulika hewani mpaka dakika tatu zikaisha.

"Sasa zamu yako, madam!" akasema yule wa kwanza, akapigiwa meza tena.

Nikasimama. "Kila asubuhi nachukua chaki yangu..."

Kelele zilizofuata zilimtoa mwalimu wa darasa la jirani hadi mlangoni kwetu.

"Ungesema udongo mweupe wa kuandikia, mwalimu," yule msichana akanishauri, kwa heshima zote.

Kengele ilipolia nilimwita, nikamuuliza amejifunzia wapi kusema vile.

"Kwa bibi, shambani Chanika," akajibu. "Hajawahi kufika bandarini. Kila nikienda ananiuliza mwanawe anafanya kazi gani hasa huko mjini. Nikitaja kontena, ananiambia niseme kama mtu. Kwa hiyo nimeshamweleza mara nyingi. Ila lile gari lenye pembe bado hajaliamini."

Alicheka, akakimbilia wenzake. Nilibaki mezani na orodha ya alama, nikamwandikia zote, nikiwa na wivu kidogo. Muhula mzima nilikuwa namfundisha mimi, na kumbe kuna mtu Chanika, na jembe lake mkononi, aliyekuwa akimsahihisha vizuri kuliko mimi.