Noti Niliyompelekea Binti Yangu Jukwaani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la sita, nikauza ng'ombe Kehancha mpaka nikajenga nyumba ya ghorofa Kosele, na ni ng'ombe hao hao waliomsomesha binti yangu fidla. Sasa ana miaka kumi katika okestra ya Nairobi, na bado anakaa safu ya nyuma.

Mwaka jana walikuja kupiga Homa Bay, katika ukumbi wa kanisa. Nilifika kutoka mnadani nimechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu walikaa kimya. Hata matanga yetu yana kelele zaidi. Kwetu mpiga orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja, akikugusa moyo, unaenda kumbandika noti kwenye paji la uso, naye anakusifu. Hapa hakuna aliyesimama. Nikamwonea mtoto wangu huruma, nikapanda jukwaani na noti ya elfu.

"Baba, rudi ukae," alinong'ona, mkono wake bado unapiga.

Nilikuwa nimeshamfikia usoni. Upinde wake wa fidla ukakwama chini ya kiwiko changu, ukavunjika.

Baadaye, tukiwa nje, hakunigombeza. "Ulikuwa wa kuazima, Baba. Nisipoulipa kufikia Jumatatu, kiti changu anapewa mwingine."

"Kile cha nyuma?"

"Ndicho nilicho nacho."

Asubuhi niliuza madume mawili. Kiti kimebaki chake, nacho kilinigharimu shilingi elfu themanini na nne na mia tatu, ukihesabu na ile noti.