Miji Aliyonipa Baba

Baba alikuwa mtu wa kubishana na gazeti. Hakubishana na habari, maana magazeti yaliyotufikia Juba yalikuwa ya kale na habari zake zilishaoza. Alibishana na chemshabongo. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeileta nyumbani, ubishi wote ulinirudia mimi, tangu ninapovua viatu mlangoni hadi giza linapotufukuza uani.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye mizigo, pale uwanja wa ndege. Ndege za Nairobi zilileta dawa, vipuri na vyombo vya glasi, na watu wa huko walivifungia vitu hivyo kwa magazeti ya zamani ya Kiswahili. Nikiyaona nilikuwa nayanyoosha na kuyatia mkobani. Nilikuwa na kiu ya Kiswahili. Nilisomea sekondari Kenya, kwa shangazi, wakati Baba na wengine wote walikuwa ukimbizini Uganda, na Kiswahili nilichokikuta nyumbani kwetu, mtaa wa Munuki hapo Juba, kilikuwa cha Baba, alichokiokota akiuza vitunguu Gulu, kisicho na ngeli wala huruma.

Chemshabongo ilikuwa ukurasa wa ndani, imeandikwa juu kwamba ni ya mafumbo, kwa wanaoanza. Nilimweleza Baba kwa utaratibu, kama nilivyoelezwa mimi shuleni. Kila kidokezo kina pande mbili. Upande mmoja unakupa maana ya neno, kama kamusi. Upande wa pili unakufundisha kulijenga neno lenyewe, kwa herufi zake au vipande vyake. Namba mwishoni inakuambia herufi ni ngapi. Kazi yako ni kutafuta mshono, pale pande mbili zinapokutana.

Tulianza na chepesi kabisa: "Ifuatayo ya kwanza, mara mbili, itakuwasha ulimi (8)."

Baba alikuna kidevu. Akaniuliza ni nini kinachofuata cha kwanza. Nikamwambia ajibu mwenyewe. "Pili," akasema. Mara mbili? "Pili, pili." Akasimama wima. "Pilipili!" Alilitamka kwa sauti iliyovuka ukuta, na mama wa jirani, mjane aliyekuwa akiuza chai kwenye kituo cha boda boda, akachungulia kuuliza kama tuna pilipili za kuuza. Kwa wiki nzima Baba aliwatega wapita njia kwa fumbo hilo. Waliposhindwa aliwahurumia sana.

Ningejua yatakayofuata ningelitumia gazeti lile kuwashia mkaa.

Kwanza, Baba hakukubali kuandika jibu peke yake. Alikuwa amekaa kwenye mabaraza mengi mno maishani, ya ukoo, ya kanisa, ya kambi, na kwake neno halikuwa neno mpaka watu wamelikalia. Mama wa chai aliitwa, akapewa kigoda, akaulizwa maoni. Ilipofika "Kisura amevurugika, mtie kwenye chai (6)," nikawaeleza kwamba neno kama "amevurugika" ni ishara: chukua herufi za "kisura," zivuruge, uzipange upya. Nilizichora chini kwa kijiti. Mama wa chai akaziona kabla ya Baba.

"Sukari," akasema. Kisha akacheka bila furaha. "Dada, hii sukari iko kwa gazeti peke yake. Kwa duka hakuna."

Ilikuwa kweli. Barabara ya Nimule, iletayo bidhaa kutoka Uganda, ilikuwa imefungwa tena kwa sababu ya mashambulizi, na yeye alikuwa akiuza chai ya tangawizi tupu kwa vijana wa boda waliomnung'unikia kana kwamba yeye ndiye aliyeanzisha vita.

Pili, Baba alimsahihisha mtunzi. Kulikuwa na kidokezo kilichosema: "Nasi mbali na mji amejificha mfalme wa porini (5)." Nikamwonyesha: "amejificha" ni ishara kwamba neno limo humo humo ndani, limelala kati ya "nasi" na "mbali." Nikaweka kidole changu kwenye s na kidole chake kwenye a. Simba, peupe kabisa.

"Huyu mtu ya gazeti iko mwongo," Baba akasema. "Simba iko mfalme ya wapi? Mimi naona tembo nafukuza simba, kwa macho yangu."

"Baba, hatuulizwi tunaamini nini. Tunaulizwa herufi."

"Tembo pia iko herufi tano."

Alikuwa ameshahesabu! Akaandika TEMBO, kwa kalamu ya wino, na upande ule wote wa jedwali ukaharibika. Mama wa chai alikuwa amempigia kura. Nilibaki nimeshika kichwa. Kumweleza Baba kwamba mtu hashindi chemshabongo kwa wingi wa watu ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Na majibu hayakuwahi kutusaidia, kwa sababu gazeti liliahidi kuyachapisha toleo lijalo, na toleo lijalo huwa limefungia glasi za mtu mwingine.

Ndipo nikaleta sheria ya vitendawili, nikidhani nimepata dawa. Kama ilivyo desturi, anayeshindwa anampa mji mwenye fumbo, na aliyepewa anasema atakachofanya humo kabla ya kutoa jibu. Nikaongeza kwamba mji ukishatolewa hautolewi tena. Baba akaipenda sheria, akaongeza yake: huwezi kutoa mji ambamo hujawahi kulala.

Kwa muda ilikuwa raha. Kila aliposhindwa alitoa mji kwa mkono mkunjufu, hasa aliouchukia. Alinipa Masindi pamoja na mbu wake. Alinipa Koboko, Arua, Kitgum. Alinipa Yei, ambako walilala kanisani wakikimbia mara ya kwanza, na Nimule, walikovukia. Gulu alisita kidogo, kwa sababu mama yangu amezikwa huko, kisha akanipa akaniambia nipapalilie. Nilisema nitapapalilia. Miji yote ya ukimbizi wake ikawa yangu, na yeye akabaki na mmoja tu.

Tangu hapo hakushindwa tena. Akikwama hasemi "nimeshindwa." Anasema fumbo limekosewa. Ni kwa sababu mji uliobaki ulikuwa Juba.

Kisha vita vikarudi mjini penyewe. Tulisikia mizinga upande wa Bilpam, kwenye makao ya jeshi, halafu risasi karibu zaidi, na tukalala chini, mimi, Baba na mama wa chai, chini ya dirisha, na magodoro tumeyaegemeza ukutani. Baba alikuwa na gazeti. Sijui mtu anakimbilia sakafuni na gazeti kwa nini. Akanisomea, pua kwa pua: "Inama, kisha urudi ulikotoka: ndicho tunachokililia (5)."

"Baba, si sasa."

"Sasa tunafanya nini ingine?"

Nikamjibu kwa hasira, uso wangu ukiwa kwenye vumbi: chukua "inama," isome kutoka nyuma. Alisogeza midomo. Alipoipata akaisogeza midomo tena kuhakikisha. "Huyu mtu ya gazeti," akasema, "nafikiri hii kitu iko mchezo." Hakuiandika. Mama wa chai alikuwa akisali kwa Kibari, na hakuulizwa kura.

Risasi zilipotulia, maduka ya Munuki yalikuwa yamebebwa hadi rafu. Dawa za Baba za presha zilikuwa zinakwisha, na duka la dawa alikozipata lilibaki mlango tu. Ndugu zangu waliobaki Uganda walipiga simu kila siku: mtoe Baba, mlete Baba. Waliongea kana kwamba nimemfunga kamba. Uwanja wa ndege ulipofunguliwa tena, msimamizi wangu akanipatia nafasi moja kwenye ndege ya Entebbe, ya asubuhi. Mimi sikuweza kwenda. Mshahara wangu ndio uliowalisha wote waliokuwa wakinipigia kelele.

Nilimweleza Baba kwa upole. Nilimweleza kwa ukali. Nikamletea mama wa chai amweleze.

"Mzee, enda tu," mama wa chai akamwambia. "Sisi tutaangalia nyumba."

"Mimi nakimbia Yei, mimi nakimbia Nimule. Mimi nazeeka kwa kambi ya watu. Kalas, basi," Baba akasema. "Mimi iko na nyumba. Mtu ya nyumba nakwenda wapi?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Methali hiyo haina msaada wowote wakati mkuu mwenyewe ndiye haambiliki. Niliingia ndani nikamfungia begi. Akatoka nalo, akalifungua, akaning'iniza mashati yake kwenye kamba ya nguo, moja moja, yakiwa makavu. Nilimpenda Baba kuliko mtu yeyote duniani, na mchana ule ningeweza kumrushia sufuria.

Jioni alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akaniita. "Leta fumbo."

Nilimwambia sina fumbo. Sina gazeti, sina nguvu, sina baba anayesikia. Alirudia vile vile, kwa sauti ile ile: "Leta fumbo." Nikachukua lililokuwa karibu na mdomo, nikamtupia bila hata kumtazama: "Ifuatayo ya kwanza, mara mbili, itakuwasha ulimi."

Nilitegemea acheke, au anitukane kwa kumfanya mtoto. Hakuna mtu Munuki ambaye hakuwahi kutegwa fumbo hilo na Baba. Mama wa chai, aliyekuwa akiosha vikombe, aligeuka akasubiri. Baba alitazama mashati yake kwenye kamba. Alitazama mlango wa bati alioupaka rangi mwenyewe mwaka tuliporudi, na mahali rangi ilipoishia njiani kwa kukosa kopo la pili.

"Hiyo," akasema, "imenishinda."

"Baba, usinichezee."

"Imenishinda. Omba mji."

Sikutaka kuomba. Nilikuwa nimepigania neno hilo siku nzima, na sasa lilipowekwa mkononi mwangu, nilitaka kulirudisha. Mama wa chai akaweka kikombe chini.

"Omba!"

"Nipe mji," nikasema.

"Chukua Juba."

Aliinuka akaanza kuanua mashati. Desturi ilitaka niseme nitafanya nini katika mji wangu, halafu nitoe jibu. Mama wa chai akalitoa jibu kwa niaba yangu, polepole: "Pilipili, Mzee." Baba akasema malesh, samahani, angelijua vipi, fumbo lilikuwa gumu.

Asubuhi nilimfikisha hadi kwenye ngazi ya ndege, kwa kuwa kitambulisho changu cha kazi kiliniruhusu. Alipanda bila kugeuka. Nilikasirika kwamba hakugeuka, na nadhani angegeuka ningekasirika zaidi.

Alipiga simu baada ya siku chache. Dawa amepata, wajukuu wana kelele, chai yao ina sukari mpaka inakera. Kisha akasema ana fumbo, amelitunga mwenyewe.

"Nyumba iko mtu moja ndani, na mtu moja nje. Ya nje najua kila kitu iko wapi. Ya ndani hapana jua kitu."

"Herufi ngapi?" nikauliza.

"Mimi nitajua wapi?"

"Baba, hilo si fumbo. Halina pande mbili, halina ishara, halina namba. Limekosewa."

"Wewe nashindwa. Nipe mji."

Nikampa Gulu. Akasema Gulu iko karibu naye, anaweza kwenda kwa basi. Nikampa Arua. Akasema Arua anaitaka nani. Nikamkumbusha kwamba kwa sheria zetu miji hiyo hata hairuhusiwi, mji ukishatolewa hautolewi tena. Akasema sheria hiyo ameifuta.

"Nipe ile yangu," akasema.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake cha kamba. Upande wa Bilpam milio ilianza tena, michache, nami nikaifunika simu kwa kiganja mpaka ikapita.

"Wewe iko?"

"Niko, Baba."

"Nipe."

"Bado nautumia," nikamwambia.