Fidla Sita Mlangoni

Tangu asubuhi Kinanda hakai, hatulii. Akiketi anasimama, akienda dirishani anarudi kutafuna kucha zilizobaki. Jina hilo alilipata enzi za kupiga kwenye bendi; siku hizi anatunga muziki wa gemu za kompyuta, kazi ambayo nusu ya ukoo wanaamini ni kucheza tu. Saa kumi bosi angejaribu kipande cha mwisho: binti anarudi nyumbani baada ya safari ndefu, kumbe mama yake alishafariki. Bosi alisema waziwazi kwamba asipoguswa leo atanunua muziki wa mtu mwingine, na Kinanda atafute kazi.

Wa kumfanyia majaribio alikuwa shangazi tu, aliyepita kumjulia hali na hajawahi kushika padi, kidude cha kuchezea gemu, maishani.

"Nibonyeze wapi, mwanangu?"

"Hicho kijiti cha kushoto kinakutembeza. Tembea tu, shangazi."

Shangazi akatembea, akagonga ukuta mara mbili, akauomba ukuta radhi. Binti alipofika uani, fidla sita za Kinanda zikaanza kulia. Shangazi akaiweka padi mapajani.

"Mbona umesimama?"

"Niingie kufanya nini? Mama wa watu ameshakufa. Si unasikia wanavyomlilia?"

Kinanda alikirudisha kipande nyuma, akakisikiliza tena. Ilimuuma. Fidla zile alizihangaikia wiki tatu, nazo ndizo zilizotangaza msiba kabla mlango haujafunguliwa. Ilikuwa saa nane na nusu. Akazifuta zote. Akachukua wimbo mwepesi ambao mama wa binti huuimba jikoni mwanzoni mwa gemu, akauweka usikike kwa mbali kutoka ndani ya nyumba, ukatike mlango ukifunguliwa.

Saa kumi, ofisini, bosi alishika padi bila salamu. Uani akausikia wimbo, akamkimbiza binti hadi mlangoni, akafungua. Kimya. Akazunguka jikoni, chumbani, jikoni tena.

"Spika zimekufa?"

"Hapana, bosi. Ziko sawa."

Kinanda akaona kazi imeota mbawa. Bosi alimtoa binti nje, akaufunga mlango, akamsimamisha palepale uani, sikio kwenye spika.

"Wimbo haurudi?" aliuliza, sauti imemshuka.

"Haurudi."

Bosi akaufungua mlango tena, akaufunga, akasubiri wimbo wa mama uanze.